Maswali ya Wasomaji: Babu Alivuka Ruvuma Kuja Kukata Mkonge

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazofanana sana, ingawa walioziandika hawajuani. Zote zinahusu wazee waliotoka mbali kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani, wakazeeka huku, wakazikwa huku. Nimeziweka pamoja na kuacha maswali mengine kwa toleo lijalo.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Mimi ni mjukuu wa kwanza wa mzee aliyefariki dunia mwaka jana hapa Muheza. Familia imenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu utakaosomwa siku ya misa ya mwaka mmoja, ambayo pia ndiyo siku tutakayomaliza kulijengea kaburi lake. Babu alikuwa Mmakonde wa upande wa Msumbiji, wale ambao wazee wa hapa waliwaita Wamawia. Alivuka Mto Ruvuma akiwa kijana, akakata mkonge kwa zaidi ya miaka 30, akawasomesha watoto saba kwa kazi hiyo, na alipoacha kazi akapanda michungwa ambayo mpaka leo inatulipia ada za shule. Alikuwa akituambia kwamba siku zake zilikuwa mafungu 70, na kwamba hakuwahi kulala akiwa na deni la fungu hata moja.

Nimeandika kurasa mbili, lakini baba mkubwa amezikataa. Anasema neno "manamba" linamdhalilisha marehemu mbele ya padri na wageni, na kwamba tukitaja Msumbiji watu wataanza kutuuliza uraia wetu. Anataka niandike kwamba babu alizaliwa Muheza, alikuwa mtumishi wa kampuni ya mkonge, alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, basi. Shangazi anasema niandike yaliyokuwa. Isitoshe, hatujui tarehe yake ya kuzaliwa. Tulicho nacho ni kipande kimoja kilichofifia, yaani kadi yake ya kuhesabia siku za kazi shambani, kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na kauli aliyoipenda kwamba alivuka mto "mwaka mmoja kabla Wareno hawajaua watu Mueda". Nifanye nini?
Mjukuu wa Kwanza, Muheza

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Naanza na tarehe, kwa kuwa hapo babu yako alikwisha kukupa jibu bila wewe kulitambua. Askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika mbele ya ofisi ya mtawala wa wilaya huko Mueda tarehe 16 Juni 1960. Mwaka mmoja kabla ya hapo ni 1959. Sasa waulize bibi na wazee waliokuja naye jambo moja tu: alipovuka mto, alikuwa amekwisha kutoka jandoni, alikuwa ameoa, na alikuwa ameanza kulima pamba ya lazima kwa jina lake mwenyewe au alikuwa bado akimsaidia baba yake? Wakisema alikuwa kijana wa kuanza kulima ambaye hajaoa, huyo ni mtu wa miaka 18 hadi 22, na unaweza kuandika bila wasiwasi kwamba alizaliwa "mnamo 1939". Neno "mnamo" lina heshima yake na halimpunguzii marehemu kitu. Kadi ya NPF huenda ina mwaka wa kuzaliwa, lakini usiuamini haraka, kwa sababu mfuko huo ulianzishwa mwaka 1964, wakati ambapo karani alimtazama mtu usoni na kukisia umri wake. Ushahidi ulio bora zaidi ni kitabu cha ubatizo. Kama alibatizwa kwao, huenda ni kwa mapadri wa Montfort waliokuwa na misheni huko Nangololo, na kama alibatizwa hapa, paroko wenu anaweza kukufungulia kitabu hicho siku hiyohiyo utakayomwendea.

Kuhusu mahali alipozaliwa, shauri langu ni moja: usiandike Muheza. Nasema hivyo nikijua kwamba baba yako mkubwa ananizidi haki ya kumsemea baba yake. Hata hivyo, ukiandika kwamba alizaliwa Muheza, utakuwa umemfutia babu yako tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya kwa hiari yake. Katika miaka ile serikali ya Kireno iliwalazimisha wakulima wa kaskazini mwa Msumbiji kulima pamba na kuiuza kwa bei iliyopangwa na wanunuzi, na aliyeshindwa kulipa kodi au aliyeonekana mvivu alichukuliwa kwenda kufanya kazi ya shokoa, ambayo kwao iliitwa chibalo. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na Mwingereza ambaye naye alikuwa mkoloni, lakini mashamba yake ya mkonge yalilipa fedha taslimu, na mtu aliyechoka nayo aliweza kuondoka. Kijana wa miaka 20 aliyaangalia mambo hayo mawili, akafunga mzigo wake, akashuka kutoka uwanda wa Mueda hadi mtoni, akavuka, na akaendelea kwenda hadi Tanga, mbali na kwao na mbali na nchi ya lugha yake. Mtu huyo ndiye anayezikwa katika sentensi isemayo "alizaliwa Muheza, alikuwa mtumishi".

Sasa neno lenyewe. Manamba ni "namba" iliyowekewa kiambishi cha watu au vitu vingi. Mfanyakazi aliyeajiriwa kwa mkataba aliandikishwa, akapewa namba, na karani akamwita kwa namba hiyo wakati wa kuhesabu watu alfajiri. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kutafuta wafanyakazi, kilichojulikana kwa jina la SILABU, nacho kiliwachukua watu kutoka Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko kwa malori na treni. Tukitaka kuwa waangalifu, wao ndio waliokuwa manamba halisi. Wamawia wengi hawakuletwa. Walikuja kwa miguu yao na kujiandikisha getini, wakapewa kipande kama wengine. Lakini katika vinywa vya watu wa Tanga wote wakawa manamba, na neno lililoanza kama hesabu ya karani likageuka kuwa tusi. Mimi nimezaliwa katika kambi ya mkonge wilayani Korogwe, nami najua jinsi mtoto alivyojisikia alipoitwa "mtoto wa manamba" mbele ya darasa zima. Baba yako mkubwa ni mtoto wa kwanza. Bila shaka yeye ndiye aliyelisikia neno hilo kabla ya wote na kwa ukali kuliko wote, na hasira yake unayoiona leo imetoka huko. Kwa hiyo usimwendee na hoja. Mwendee na karatasi tupu. Mwombe akusimulie kambi ilikuwaje alipokuwa na miaka sita, chumba kilikuwa na nini, baba yake aliamka saa ngapi, alirudi na harufu gani. Andika atakayoyasema kwa maneno yake. Mtu akiona kumbukumbu yake imeandikwa vizuri na kwa heshima, mara nyingi huacha kuiogopa.

Hapa nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko mengine yote katika barua yako, nalo ni neno "mchapakazi". Sijapata kusikia wasifu wa marehemu usio na neno hilo, na kwa sababu hiyo halimwambii msikilizaji chochote. Babu yako amekuachia kitu kilicho bora zaidi: mafungu 70. Fungu moja la mkonge lilikuwa na majani 30. Mafungu 70 ni majani 2,100, na kila jani lilikatwa kwa mkono mmoja huku mwingine umelishika, likapunguzwa mwiba wake wa nchani, likahesabiwa, likafungwa na wenzake, kisha mafungu yakabebwa begani hadi pembeni mwa reli ndogo ambako toroli zilipita kuyachukua. Maji ya jani la mkonge yanawasha ngozi, na miiba yake haichagui jicho wala mguu. Mnyapara alipita, akahesabu, na kazi ikiwa imekamilika akaweka alama moja katika kipande. Siku ambayo kazi haikutimia haikuwekewa alama, na mshahara haukupatikana mpaka kipande kijae alama 30. Kipande kimoja kilichojaa, kama hicho mlicho nacho nyumbani, maana yake ni majani 63,000.

Majani hayo yalikwenda kwenye korona, mashine inayoponda nyama ya jani na kubakisha singa, na katika kila kilo 100 za majani singa kavu zilizopatikana zilikuwa kama kilo nne tu. Zilianikwa juani, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota, zikasafirishwa kupitia bandari ya Tanga kwenda kusokotwa kamba za meli na za kufungia mazao ya wakulima wa Ulaya na Marekani. Zao hilo halikuwa la kwetu. Lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na inaelezwa kwamba kati ya miche aliyoiagiza ni 62 tu iliyobaki hai. Kutokana na miche hiyo, miaka ya mwanzo ya uhuru nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza dunia nzima. Shule na hospitali nyingi za miaka ile zilijengwa kwa fedha za kigeni zilizotokana na singa hizo, kwa hiyo mtu akikuuliza babu yako aliijengea nini Tanzania, jibu unalo.

Andika pia kwamba alibaki. Mwaka 1964 vita vya ukombozi vilianza huko kwao, na kwa miaka kama kumi hakuna aliyeweza kurudi kijijini na kukikuta kama alivyokiacha. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa. Baadaye kamba za nailoni zikateka soko, bei ikaanguka, kambi zikaanza kuwa tupu. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikapata uhuru, na wenzake wengi wakafungasha. Muulize bibi kwa nini yeye hakufungasha. Nadhani jibu litakuwa watoto, au yeye bibi mwenyewe, au vyote viwili, na jibu hilo lina haki ya kusomwa kanisani. Na bibi naye asisahauliwe: wanawake wengi wa kambi walianika singa, walilima vishamba vya pembeni, waliuza chakula, na posho isingefika mwisho wa mwezi bila jembe lao.

Suala la uraia lisiwatishe katika jambo hili. Uraia wa watoto na wajukuu huthibitishwa kwa hati mbele ya Idara ya Uhamiaji, na kama kuna mwanafamilia mwenye mashaka, aende akaulize akiwa na vyeti vyake vyote mkononi. Wasifu unaosomwa katika misa haumpi mtu uraia wala haumnyang'anyi.

Ili usibaki na ushauri mtupu, huu hapa mwanzo unaoweza kuurekebisha: "Baba yetu na babu yetu alizaliwa mnamo 1939 katika uwanda wa Mueda, Msumbiji. Mwaka 1959, akiikimbia pamba ya lazima, alivuka Mto Ruvuma na kuja Tanga kutafuta kazi. Alikuwa mkata mkonge, mmoja wa watu ambao mji huu uliwaita manamba, na kwa zaidi ya miaka 30 alikata mafungu 70 kwa siku. Kwa kazi hiyo alitusomesha sisi watoto wake saba." Neno limetajwa mara moja, limesimama mahali pake, na waliolitamka kwa dharau ndio watakaoinamisha macho. Baada ya hapo wape nafasi wajukuu. Mwombe kila mmoja akuletee kitu kimoja alichokiona kwa macho yake: jinsi babu alivyochagua chungwa la kumpa mgeni, alivyokunja kisu chake katika kitambaa, wimbo aliouimba alipodhani yuko peke yake. Usikubali sifa za jumla. Anayesema "alikuwa mpole", muulize siku gani, na alifanya nini.

Swali: Bwana Mhariri, hujambo. Baba yetu alikuwa Mmakonde, alikuja Kwale kabla ya uhuru wa Kenya, akafanya kazi katika mashamba ya miwa na ya mkonge, na jioni alichonga vinyago vya mpingo alivyowauzia watalii. Alifariki mwaka 2014 bila kitambulisho. Sisi watoto wake sasa tunavyo. Tunataka kuandika jiwe la kaburi, na ndugu zangu wanabishana kama tuandike kwamba alikuwa Mkenya, wakati serikali haikumtambua mpaka akaingia kaburini.
Mwana wa Mchongaji, Msambweni

Jibu: Sijambo, ndugu yangu, na pole kwa baba.

Mwezi Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walianza safari ya kwenda Nairobi kwa miguu, wakafika mpaka Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Tangu wakati huo mnahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Baba yako alitangulia kwa miaka miwili. Ni jambo linalouma, na singependa ulifunike kwa neno moja juu ya jiwe. Kwa maoni yangu jiwe liseme alichokuwa bila ubishi wowote: jina lake, jina la baba yake, kwamba alikuwa mchongaji na mfanyakazi wa mashamba, kwamba alitoka Msumbiji na aliishi Kwale kwa miaka mingapi. Hesabuni miaka hiyo na kuiandika kwa tarakimu. Mtu atakayesoma "aliishi Kwale miaka 55" hatahitaji kuambiwa alikuwa wa wapi.

Habari ya kitambulisho iandikeni kwa kirefu katika daftari la familia, kwa sababu wajukuu wenu hawataamini kwamba mtu aliyekaa nchini maisha yake yote hakuweza kufungua akaunti ya benki wala kupiga kura. Elezeni alikuwa akijificha vipi wakati wa msako, nani alimtunzia fedha zake, alimtumia nani alipotaka kununua kiwanja. Mambo hayo hayapo katika kitabu chochote, yako kwenu tu. Na kama kuna kinyago chake hata kimoja kilichobaki, msikiuze.

Swali: Shikamoo Mhariri. Babu yetu alitoka Burundi na alifia Korogwe. Katika sanduku lake tumekuta kipande chenye namba yake na jina ambalo si lile tulilolijua. Kaka yangu anataka namba hiyo ichongwe kwenye kaburi kama kumbukumbu ya jasho lake. Mimi moyo unakataa. Na lile jina la pili ni la nani?
Mjukuu wa Kike, Korogwe

Jibu: Marahaba. Jina hilo kwa uwezekano mkubwa ni lake. Makarani wengi hawakuyajua majina ya Kirundi wala ya Kiha, wakaandika walivyosikia au wakampa mtu jina jepesi la pwani, naye akalichukua kwa sababu ndilo lililolipwa mshahara. Wengine walibadili majina wenyewe ili wasifuatwe na kodi ya kwao. Litamkeni jina hilo kwa sauti mbele ya mzee yeyote wa Kirundi aliyebaki hapo Korogwe, awaambie linavyosemwa na maana yake ni nini, maana majina ya Kirundi husema jambo, na huenda mkajifunza nyumba aliyozaliwa ilikuwa na furaha au msiba gani siku hiyo.

Katika habari ya namba, niko upande wako. Namwelewa kaka yako, na nia yake ni njema, lakini namba hiyo babu yenu hakuichagua, na aliitwa nayo kila alfajiri akiwa hai. Juu ya jiwe wekeni majina yote mawili, lile alilopewa na mama yake likitangulia. Kipande kihifadhini. Msikitie katika plastiki ya kubandika kwa moto, kwa sababu ikishabanduka inaondoka na wino. Kipigeni picha pande zote mbili, kila mjukuu awe na nakala, kisha karatasi yenyewe ikunjwe kwa kufuata mikunjo ileile aliyoikunja yeye, iwekwe katika bahasha kavu, na bahasha ibaki na yule ambaye nyumba yake haivuji.